Uraia wa Baba, Agosti 1967

Barua ilikuwa na aya mbili. Ya kwanza ilisema kwamba katika zoezi la uhakiki wa watumishi, jalada binafsi la Restuta Natangwe, karani wa masijala, lilionyesha kuwa baba yake ni raia wa Namibia. Ya pili ilimtaka aeleze kwa maandishi, ndani ya siku kumi na nne, kwa nini asihesabiwe kuwa amepoteza uraia wa Tanzania, na pamoja nao sifa ya kuajiriwa serikalini. Ilikuwa tarehe 3 Juni 1996.

Restuta aliisoma akiwa amesimama, maana kiti chake kilikuwa kimeazimwa na watu wa uhakiki. Hakushangazwa na lugha. Kwa miaka miwili alikuwa akizitoboa barua za namna ile na kuzipanga katika majalada ya wenzake. Watu thelathini na wanane walikuwa wamepunguzwa katika jengo lile tangu zoezi lianze, na wote, pamoja na uchungu wao, waliondoka na kiinua mgongo na barua ya shukrani. Asiye raia hapunguzwi. Ajira yake inahesabiwa kuwa haikuwapo, na jina lake linapelekwa Uhamiaji.

Alipanda ghorofa ya pili kwa Bwana Octavian, Afisa Utumishi, mtu wa Iringa mwenye miaka hamsini na miwili, aliyekuwa amezungukwa na majalada mezani, kwenye viti na sakafuni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nilijua utakuja. Keti, kama utapata pa kuketi."

Hapakuwa na mahali. Octavian alilifungua jalada lake na kuligeuza amwonyeshe. Ilikuwa fomu ya kuombea kazi, ya mwaka 1988. Jina la baba: Natangwe. Mahali alipozaliwa: Namibia. Uraia: Mnamibia. Wino wa bluu, herufi zilizonyooka.

"Mwandiko wa nani huu?"

"Wangu."

"Nani alikulazimisha kuandika hivi?"

"Fomu iliuliza."

"Fomu iliuliza!" Octavian alicheka bila kufungua mdomo. "Nyie Wagogo mna shida. Mkiulizwa mnajibu. Mhehe angeandika 'marehemu' akasonga mbele."

"Mhehe angeshindwa kuijaza."

"Haya, mtani, nitukane tu, ni haki yako. Lakini siku kumi na nne ni kumi na nne. Nina majalada mia mbili na kumi na mawili hapa, na la kwangu limo humohumo."

Sababu ya maneno yale kuwa kwenye fomu ilikuwa rahisi. Restuta alizaliwa Kongwa mwezi Agosti 1967, wakati majengo yaliyoachwa na mradi wa karanga wa Waingereza yalikuwa kambi ya wapigania uhuru wa nchi za kusini. Baba yake alikuwa mmoja wao. Aliondoka kuelekea vitani mtoto akiwa na miezi minane, na mwaka 1971 mwenzake alipita akaleta habari kwamba ameuawa karibu na mto ambao jina lake Loisi, mama yake Restuta, hakuwahi kuweza kulitamka. Natangwe lilikuwa jina la kambini. Jina la kwao hakuna aliyelijua, kwa kuwa kambini hawakuruhusiwa kulitaja.

Shuleni, Mwalimu Yotham wa somo la siasa alikuwa na ramani ya Afrika ya zamani ambayo ilisema Afrika ya Kusini Magharibi. Alikata kipande cha karatasi, akaandika Namibia, akakibandika juu kwa uji wa unga. Mwanafunzi aliyelitumia jina la zamani alichapwa viboko viwili. Watoto wa kambini walisimamishwa mbele, wakaambiwa waseme baba zao ni watu wa wapi, na darasa zima likapiga makofi. Miaka kumi baadaye, alipopewa fomu, Restuta hakuona kwamba kulikuwa na jibu lingine. Karani aliyeipokea alimpongeza.

Nyumba aliyopanga Chang'ombe, si ile ya Dar es Salaam, ilikuwa na vyumba sita. Cha jirani yake kilikuwa cha Evodia, mwanasheria katika ofisi ya Bunge, mzaliwa wa Bukoba, ambaye alikuja wakati wa vikao tu, na kila jioni alirudi akiwa na mafaili kwapani na miguu imevimba. Jioni ile alikuwa ameitia miguu kwenye beseni la maji ya chumvi. Aliisoma barua mara mbili.

"Ulizaliwa tarehe ngapi?"

"Kumi na moja, Agosti, sitini na saba."

"Mama yako Mtanzania?"

"Dada Evodia, mama yangu hajawahi kuvuka Gairo."

"Nijibu ndiyo au hapana. Nimechoka."

"Ndiyo."

Evodia aliitoa miguu, akaikausha kwa khanga kuukuu, akachukua kalamu. Alieleza kama mtu anayesoma ratiba. Nchi ile ilikuwa koloni la Wajerumani, kama Tanganyika. Baada ya vita ya kwanza Wajerumani walinyang'anywa zote mbili. Tanganyika ikakabidhiwa Mwingereza aisimamie kwa niaba ya mataifa, na ile ikakabidhiwa Afrika Kusini. Mwingereza aliondoka. Afrika Kusini haikuondoka. Oktoba 1966, Umoja wa Mataifa uliufuta usimamizi ule, na bado Afrika Kusini ikakaa.

"Kwa hiyo Agosti sitini na saba, unapozaliwa, mwenye serikali pale hana haki, na mwenye haki hana serikali. Mtu wa pale alikuwa raia wa nani?"

"Wa nani?"

"Wa dola ya Namibia hawezi kuwa, kwa sababu haikuwapo. Ilizaliwa tarehe 21 Machi 1990. Wewe una miaka ishirini na miwili, na baba yako ana miaka kumi na tisa kaburini. Hakuwahi kuwa raia wake hata siku moja. Hakuwa na uraia wa kukurithisha."

"Alikufa kwa ajili yake."

"Barua haijauliza alikufa kwa ajili ya nini." Evodia aliandika tarehe tatu kwenye karatasi na kuzipigia mstari. "Sikiliza. Sheria yetu inamtaka mwenye uraia wa nchi mbili achague mmoja akifika miaka kumi na minane. Wewe ulifika mwaka themanini na tano. Ungeukana uraia gani? Wa nchi iliyozaliwa miaka mitano baadaye? Halafu katiba yao inasema mtoto kama wewe anaweza kuwa raia kwa nasaba, akijiandikisha. Umejiandikisha?"

"Wapi? Sijui hata ubalozi wao uko mtaa gani."

"Basi una haki ya kuwa raia, huna uraia. Hivyo ni vitu viwili. Nchi yenyewe ilikaa hivyo miaka ishirini na minne, ina haki ya kuwa dola bila kuwa dola. Andika hivyo, uape mbele ya hakimu, umpelekee Octavian."

Nje wapangaji walikuwa wakigombania zamu ya bomba.

"Yaani niandike kwamba haikuwa nchi."

"Haikuwa dola."

"Octavian atasoma nchi. Mama atasoma nchi."

"Kuna njia fupi zaidi," Evodia alisema. "Mtoto wa nje ya ndoa humfuata mama. Kama mama yako hakuolewa, basi uraia wa baba hauna kazi kwenye jalada hili. Octavian ataelewa kwa dakika tano. Hii ya kwanza inahitaji mtu mwenye subira, na sijamwona katika jengo lenu."

"Aliolewa."

"Kwa cheti gani?"

Cheti hakikuwapo. Restuta aliikunja barua yake.

"Ya tatu ni kusema humjui baba yako. Ushahidi pekee duniani kwamba alitoka kule ni mwandiko wako wewe. Lakini huo ni uongo, na mimi siandiki uongo nikiwa nimekaa na miguu hii."

Jumamosi Restuta alikwenda Kongwa. Alimkuta mama yake anapepeta uwele uani, na mjomba Matonya ameketi kwenye kigoda kando ya zizi, anashona ukanda wa kiatu cha tairi. Matonya alikuwa kaka mkubwa wa Loisi, mwenye ng'ombe wengi na maneno mengi zaidi.

"Mbukwa, mjomba. Shikamoo."

"Mbukwa, mbukwa. Mtu wa serikali! Mbona umekonda, wamewapunguzia na chakula?"

Alikunywa maji, akawaeleza. Alieleza kwa Kigogo, ila maneno ya uraia na dola aliyaacha katika Kiswahili kwa kuwa hakuwa na mengine. Alisema kuna njia mbili, akazitaja zote mbili mbele yao, kwa vile hakuona namna ya kuificha moja.

Matonya alifurahi. "Hii ya pili mbona ya kweli? Ng'ombe hawakuja. Kwetu sisi, mwanamke asiyetolewa ng'ombe, mtoto wake ni wa babu yake. Wewe ni mtoto wa hapa, wa zizi hili. Mimi nitakwenda kuapa, hata leo. Nitavaa koti."

"Ahadi ilitolewa," Loisi alisema bila kuacha kupepeta.

"Ahadi! Mwanangu, nikwambie alivyokuja baba yako. Alikuja na kamanda wake, na mbuzi mmoja, na redio. Babu yako akauliza, ng'ombe? Kamanda akasema, ng'ombe watakuja nchi ikipatikana. Babu akaitazama redio, akasema, hii haizai. Lakini nyama ya mbuzi akala."

"Umesema mwenyewe," Loisi alisema. "Akala."

"Alikuwa na njaa. Mwaka ule mvua haikunyesha."

"Akala mbele ya watu, akawaambia watu, nimepokea. Wewe ndiye uliyeishika miguu ya mbuzi, Matonya."

"Haya, niliishika. Sasa nchi imepatikana, huu ni mwaka wa sita. Ng'ombe wako wapi? Waandikie serikali yao. Waambie kuna deni Kongwa." Alicheka hadi akakohoa. Kisha aliona kwamba hakuna mwingine anayecheka, akarudia kiatu chake.

Loisi aliuweka ungo chini. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti isiyopanda wala kushuka. Tangu mwaka 1971 alikuwa amekataa wanaume wawili kwa sababu moja, kwamba yeye ni mjane wa mtu. Kanisani alikaa upande wa wajane. Alipanda na kuvuna kama mjane, na majirani walimlimia siku moja kila msimu kama walivyowalimia wajane wengine.

"Ukiandika sikuolewa," alimwambia binti yake, "miaka ishirini na mitano nimelimiwa na watu kwa udanganyifu."

"Sitaandika hivyo, mama. Nimekuja kukuuliza kuhusu hiyo nyingine. Niandike kwamba kwao hakukuwa nchi?"

"Hakukuwa."

Restuta alimtazama.

"Mbona unashangaa? Kama ingekuwapo, angekuja Kongwa kufanya nini? Kula vumbi? Yeye mwenyewe alisema. Baba yangu alipomuuliza, kijana, nchi yako inaitwaje, alijibu, mzee, bado sina. Alisema hivyo mbele ya mbuzi. Mwalimu wenu ndiye aliyebandika karatasi."

"Mwalimu alitufundisha ni nchi."

"Mwalimu hakuwa anakwenda kupigana. Angeweza kusema lolote." Loisi aliuchukua tena ungo. "Andika kama alivyosema. Lakini usiandike kwamba haikuwa yake."

Restuta alilala Kongwa siku moja, akarudi Jumapili na mlenda mkavu ndani ya mfuko wa rambo. Hakujisikia mwepesi. Alikuwa amepata ruhusa, na ruhusa ilikuwa bado kazi ya kuandika.

Evodia aliandika rasimu kwa siku tatu, kidogo kidogo, baada ya vikao. Hati ya kiapo ilikuwa na aya sita. Ya nne ilisema kwamba tarehe 11 Agosti 1967 eneo lililojulikana kama Afrika ya Kusini Magharibi lilikuwa chini ya utawala uliokwisha kufutiwa uhalali, kwamba wananchi wake walikuwa na haki ya kujiamulia mambo yao, na kwamba haki hiyo ilikuwa haijazaa dola yenye uwezo wa kutoa uraia. Ya tano ilisema mwapaji ni mtoto wa ndoa ya kimila. Evodia alimwambia aya ile haisaidii chochote na inaweza kudhuru. Restuta alisema ibaki. Ya sita ilisema mwapaji hajajiandikisha kuwa raia wa Jamhuri ya Namibia. Mpiga chapa wa kibanda cha nje ya mahakama aliipiga nakala nne kwa kaboni, na hakimu aligonga muhuri bila kuisoma.

Siku ya kumi na mbili aliipeleka ghorofa ya pili. Octavian aliisoma yote, jambo ambalo Restuta hakulitegemea. Alipofika aya ya nne alirudi mwanzo wake. Alivua miwani, akaifuta kwa tai.

"Nani amekuandikia hii?"

"Nimeapa mwenyewe."

"Sijauliza nani ameapa. Ni kazi nzuri. Sasa mimi nimeelewa, na huko juu watu wawili wataelewa, na mmoja wao yuko likizo." Aliweka kidole kwenye aya ya sita. "Hapa pana upungufu. Unasema hujajiandikisha. Ongeza: na sitajiandikisha. Tunakwenda kwa hakimu sasa hivi, tunarudi, nafunga jalada, wewe unarudi kwenye kiti chako."

"Kiti changu mnacho nyie."

"Nitakurudishia na kiti."

Restuta aliisoma aya ya sita kana kwamba haikuwa yake. Neno moja tu lilikuwa linatakiwa. Alikuwa amelala vibaya kwa siku kumi na mbili, na kodi ya chumba ilikuwa inaisha mwezi ule.

"Siwezi kuongeza hilo, mzee."

"Unataka kuhamia kule?"

"Hapana."

"Unamjua mtu kule?"

"Sijui hata kama kunanyesha."

"Basi andika!"

"Kama siendi, kwa nini niape kwamba siendi?"

"Kwa sababu mimi nataka kufunga jalada, Restuta. Hakuna sababu nyingine. Sina ugomvi na baba yako." Alisema bila hasira. "Mimi nisipolifunga, linakwenda Dar es Salaam. Likifika Dar es Salaam, halina mwenyewe. Wanaweza kukusimamishia mshahara kesho, wanaweza kulisahau miaka mitatu. Umefanya kazi masijala, unajua zaidi yangu."

Alijua. Alijua majalada yaliyokwenda Dar es Salaam mwaka 1991 na yalikuwa bado hayajarudi.

"Ninachojua nimekiapia," alisema. "Sijajiandikisha. Kujiandikisha au kutojiandikisha ni jambo langu, na sijaliamua. Nikiandika sitajiandikisha, nitakuwa nimeliamua hapa, mezani kwako, ili nipate kiti."

"Watu wameamua makubwa zaidi kwa viti."

"Najua, mzee."

Octavian alichukua karatasi ya maelezo ya jalada, akaandika mistari minne, akaweka saini. Hakupendekeza abaki wala aondolewe. Aliandika kwamba maelezo ya mtumishi yameambatishwa, kwamba yanagusa sheria ya mataifa, na kwamba yanaletwa kwa maelekezo. Alilitia jalada kwenye bahasha, akaifunga kwa gundi na kuigonga muhuri wa siri.

"Haya. Liandikishe liende. Nani yuko kwenye rejista ya barua zinazotoka?"

"Mimi."

"Peke yako?"

"Mwenzangu mlimpunguza Machi."

Octavian aliinua mikono kidogo, akaishusha.

Restuta aliibeba bahasha hadi chini, akaiandikisha: namba, tarehe, inakokwenda. Safu ya mwisho ilitaka jina la aliyepeleka. Aliandika lake, akaitia kwenye mfuko wa posta wa saa tisa.

Mshahara wa Juni ulikuja. Wa Julai haukuja. Aliuza cherehani, akamwambia mwenye nyumba ukweli, na mwenye nyumba, ambaye mwenyewe alikuwa amepunguzwa kutoka kiwanda mwaka 1994, alimpa hadi Oktoba. Evodia alirudi Dar es Salaam vikao vilipokwisha, akaahidi kuuliza. Aliuliza mara mbili. Restuta aliendelea kwenda kazini kila asubuhi, kwa kuwa hakuna barua iliyomwambia asiende, na kwa kuwa asiyefika siku tano mfululizo anahesabiwa mtoro.

Jibu lilifika tarehe 19 Septemba. Octavian alimwita, akampa alisome mwenyewe. Lilikuwa na sentensi mbili. Maelezo ya mtumishi yamepokelewa na yanafanyiwa kazi. Mtumishi aendelee na kazi na alipwe stahili zake hadi hapo itakapoelekezwa vinginevyo.

"Umeshinda," Octavian alisema.

"Nimeshinda nini? Mimi ni raia au si raia?"

"Unaendelea."

"Hadi lini?"

"Hawajaandika tarehe." Alilichukua jalada, akatafuta mahali pa kuliweka. Alijaribu rundo la mambo yaliyokwisha, akasita, akajaribu rundo la mambo yanayosubiri, akalikuta limejaa. Mwishowe aliliweka juu ya kabati, peke yake. "Mimi naondoka Desemba," alisema. "Wamenipunguza. Atakayekuja nitamwachia maelezo."

"Pole, mzee."

"Ndiyo hivyo. Nenda kachukue mshahara wako kabla dirisha halijafungwa."

Alichukua miezi miwili kwa pamoja, akamlipa mwenye nyumba. Jioni alimwandikia mama yake barua fupi, ya kusomewa na mtoto wa jirani. Alisema kwamba bado yupo kazini, kwamba ndoa imeandikwa kwenye hati na muhuri wa serikali uko juu yake, na kwamba amesema kuhusu nchi ya baba kama baba alivyosema. Mengine hakuyaandika, kwa kuwa yalikuwa hayajaamuliwa.